Wapimaji maji ya visima hapa Tanga, nimewaita Pongwe na nawapa nyota nne

Kama una kisima au unanunua maji kwa jirani mwenye kisima, hawa watu waite, hela wanayochukua ni halali yao. Mi niliwaita nyumbani kwa mama pale Pongwe kwasababu fundi aliyetuchimbia alituachia karatasi ya vipimo yenye vijidudu na chumvi basi, nikamuuliza mbona risasi, ile metali, hamna, arseniki hamna, uraniamu hamna, ananijibu dada yangu maji meupe hivi yana shida gani. Jamani uraniamu haina rangi haina harufu haina ladha, kwenye glasi utaionaje?

Kilichonivutia zaidi ni yule binti wao waliyemtuma alivyochukua sampo. Aliacha pampu imwage maji mpaka kipimo chake kikatulia, akayachuja kwa kichujio cha maikroni 0.45, chupa akaisuuza na maji yaleyale ndo akaijaza, mwisho akadondoshea matone ya tindikali ya naitriki. Akanieleza kuwa metali zinapenda kunata kwenye kuta za chupa, bila tindikali maabara watakwambia maji safi kumbe vitu vimebaki kwenye plastiki. Chupa ya radoni, gesi ya mionzi inayokuwa ndani ya maji, ndo ilikuwa na kazi, aliizamisha kwenye ndoo akaifunga humohumo ndani ya maji, akaigeuza juu chini, akaona kiputo kimoja kidogo tu akamwaga akaanza upya. Radoni ni gesi, ikipata kiputo inahamia humo, na inapungua nusu kila baada ya siku 3.8 kwa hiyo hiyo chupa haikai kusubiri safari ya wiki ijayo.

Alinitoa na hofu pia. Uraniamu iko karibu kila mahali, hata bahari yetu hii ina kama mikrogramu 3 kwa lita, swali ni kiasi gani. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanaweka mwisho mikrogramu 30 kwa lita, na kinachoogopwa kwanza kwenye maji ya kunywa ni figo, kwasababu inaumiza kama metali nzito kabla hujafika kwenye mionzi. Sasa huku kwetu Pongwe mpaka Amboni ni mawe ya chokaa, maji yanatoka na bikabonati nyingi, yaani kile kinachoingia majini chokaa ikiyeyuka, na bikabonati ikiwa na oksijeni inaishika uraniamu inaitembeza ndani ya maji, ndo maana nasema usiache kupima eti kwasababu Tanga hakuna mgodi wa uraniamu.

Majibu yetu: uraniamu iko chini sana, arseniki iko sawa. Risasi ndo ilitushtua, kisimani ilikuwa chini ila koki ya jikoni, maji ya kwanza ya alfajiri yaliyolala kwenye bomba, ilizidi ile mikrogramu 10 kwa lita ya WHO. Kumbe inatoka kwenye koki sio kwenye mwamba! Na mama chai yake anaipika na maji hayohayo ya alfajiri, wallahi niliumia, na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua risasi inabaki. Koki tumeshabadilisha.

Nyota ya tano nimeikata kwa ajili ya ripoti. Imeandikwa Kiingereza kitupu, huku mikrogramu kule miligramu, hamna safu ya kuonyesha mwisho unaoruhusiwa, mzee wa watu akiipokea peke yake ataikunja aiweke kabatini. Halafu ilichelewa na simu hawapokei, huyo binti ndo alinisomea mstari kwa mstari na haikuwa kazi yake.

Ukiwaita sema wazi unataka metali, maana wasipoambiwa wanapima vijidudu tu, na uongeze kipimo cha jumla cha mionzi ya alfa na beta, WHO wanasema alfa ikivuka bekereli (kipimo cha mionzi) 0.5 kwa lita au beta ikivuka 1 ndo mtu achunguze zaidi. Na sampo ziwe mbili, ya kisimani na ya koki ya jikoni kabla mtu yeyote hajafungua maji asubuhi, hiyo ya pili inalipiwa pembeni ila lipa.