Sutcliffe: filamu mbili, maswali mawili

Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza, 1975 hadi 1980. The Ripper ("Mpasuaji"), filamu ya hali halisi ya mfululizo ya Netflix (2020), inafuata msako wa polisi. Umaskini wa Leeds umo, hasira za wanawake walioambiwa wasitoke usiku zimo, ila jina la filamu linampamba muuaji. Familia za waliouawa zililalamika, na sishangai.

Ile ya BBC (2019), iliyoongozwa na Liza Williams, inauliza: kwa nini polisi waliwagawa waliouawa kuwa "wasio na hatia" na makahaba? Walimhoji Sutcliffe mara tisa wakamwachia, huku wakihangaika na kanda ya sauti ya tapeli aliyejifanya muuaji, mwenye lafudhi ya mji mwingine, Sunderland. Hapo jamii si pambo, ndiyo kesi yenyewe. Mimi naichagua hii, ingawa ya Netflix inasisimua zaidi.