LABS au Pianobook?

Hizi ni hazina mbili za sauti za ala zilizorekodiwa, za kupigia muziki kwenye kompyuta. Kwa bei, ngoma droo: zote zina sauti za bure. LABS, iliyoanzishwa na Spitfire Audio, kampuni ya London, imerekodiwa kitaalamu. Soft Piano, piano yake laini, haijawahi kuniangusha. Ila inadai akaunti na programu yake yenyewe.

Pianobook ni mchango wa watu: leo unapata piano kuukuu inayolia hadi mbao zake, tamu ajabu, kesho unapata mvumo mtupu. Kagua fomati, yaani programu ambayo sauti imetengenezewa, kabla ya kuchoma bando! Za Decent Sampler hupigwa bure, hata kwenye Linux. Nyingi za Kontakt, programu nyingine, hutaka toleo lake la kulipia, na Kontakt Player, toleo lake la bure, huzizima baada ya dakika 15.

Una wimbo wa kukabidhi kesho? LABS. Unawinda mlio usiozoeleka, na muda unao? Pianobook.