Afro Samurai: Resurrection: nimeiangalia, na narudi kwa ile ya kwanza

Huku kwetu Lubumbashi katuni za Kijapani zinatembea kwa flashi. Unamfuata kijana mwenye kompyuta pembeni ya soko la mtaa wetu wa Kenya, unamtajia jina, anakujazia, unamlipa franka zake, mnaagana. Ndivyo nilivyoipata Afro Samurai: Resurrection ya 2009. Ile ya kwanza, ya 2007, tumeirudia nyumbani mpaka mdogo wangu anayasema maneno ya Samuel L. Jackson, aliyempa Afro sauti, kabla Jackson mwenyewe hajayasema.

Kwa asiyeijua: ya kwanza ina sehemu tano tu. Kuna vitambaa viwili vya kufunga kichwani. Aliyevaa Namba Moja ni kama mungu duniani, na hakuna anayeruhusiwa kupigana naye isipokuwa mwenye Namba Mbili. Ila huyo wa Namba Mbili anaweza kuvamiwa na yeyote, saa yoyote, njiani au usingizini. Afro, samurai mwenyewe wa hadithi, alimwona muuaji anayeitwa Justice akimkata baba yake kichwa, naye Afro akiwa bado mtoto. Anakua, anachukua Namba Mbili kwa kumuua mwalimu aliyemlea, kisha anaanza kupanda mlima kwenda kulipiza. Basi. Mtoto wa darasa la tatu anaielewa, na kila upanga unaochomolewa una uzito kwa sababu unajua Afro ameshalipa nini mpaka kufika pale. (Hao watoto wa darasa la tatu wasiiangalie, lakini. Damu inaruka mpaka ukutani.)

Mimi ni mchoraji wa mabango, natafuta mkate kwa saluni na kuta za baa, kwa hiyo naanza na michoro. Ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Hapo sibishi na mtu. Rangi wamezifinya mpaka karibu ziishe, imebaki kijivu, kahawia, nyeusi, halafu ghafla nyekundu. Mistari minene pale panapotaka unene, na zile nywele za Afro zinapepea kama moshi wa makaa wakati mwili wenyewe umetulia tuli. Nilisimamisha picha mara kwa mara ili nitazame tu jinsi walivyoweka kivuli chini ya kidevu. Shigemi Ikeda, aliyesimamia sanaa yake, alipewa tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, mwaka huohuo, na aliistahili. Ukiwa mtu wa brashi, hicho kipande kitakufundisha kitu.

Ila hadithi, jamani.

Safari hii adui ni Sio, dada yake Jinno, yule rafiki wa zamani anayevaa kichwa cha dubu. Sauti ya Sio ni ya Lucy Liu, na anaitendea haki. Wawili hao wanamnyang'anya Afro Namba Moja, wanachukua na mabaki ya baba yake, wapate kumfufua marehemu ili Afro ateseke kwa mikono ya mtu anayempenda. Ukisimuliwa hivyo barazani unasema hii itakuwa kali. Kuiangalia sasa ndiyo kazi. Mara mashine, mara profesa, mara mapigano ambayo hayana sababu zaidi ya kuonyesha kwamba wanajua kuchora mapigano. Tulipofika katikati mdogo wangu akaniuliza, "Yaya (huku kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa wako), sasa huyu akiuawa si watamrudisha tu?" Sikuwa na jibu, maana ndiyo shida yenyewe. Ya kwanza yote imesimama juu ya kifo kimoja kisichorudi nyuma. Ukishaleta mashine ya kufufua watu, upanga umeufanya butu wewe mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi nzuri walikuwa nayo mkononi. Afro anahitaji kuipata tena Namba Mbili, na aliyenayo ni Shichigoro, mtu mpole anayemlea mtoto anayeitwa Kotaro. Afro anamuua. Mtoto anaona. Yaani Afro amekuwa Justice wa mtoto mwingine! Pale chumba kizima kilinyamaza, hata yule jirani anayekujaga kwa ajili ya umeme wetu tu. Nikasema haya, sasa ndiyo tunaanza. Wapi. Mtoto anasukumwa pembeni, tunarudishwa kwa Sio na mitambo yake, na Kotaro tunaletewa tena mwishoni mwishoni huko, kama mgeni aliyekuta sahani zimeshaoshwa.

Wala usiseme walibadilisha watu. Mwongozaji ni Fuminori Kizaki yuleyule, studio ni Gonzo ileile, muziki ni wa yule mwanarap RZA tena, na unapiga vizuri, hasa ukiwa na spika ya maana. Ninja Ninja, yule mwenzake Afro anayeongea bila kuchoka, naye yupo na mdomo wake. Kwenye ya kwanza maneno yake yalikuwa yanajaza ukimya wa Afro. Hapa anaongea juu ya filamu ambayo tayari ina kelele, na mara mbili tatu nilitamani apumzike.

Michoro naipa tisa kwa kumi, hadithi nne, na moja kati ya hizo nne ni ya Kotaro. Kama nafasi kwenye flashi yako ni ndogo, mwambie kijana akuwekee zile sehemu tano za 2007. Hii nyingine subiri rafiki aliyekwisha kuilipia akukopeshe.