Saa ya kuhesabu hatua kwa bei nafuu: ipi inamfaa mtembeaji wa Dodoma

Mtu anayetaka kujua tu amepiga hatua ngapi tangu asubuhi hadi jioni hahitaji saa janja ya laki nne. Anahitaji kifaa chepesi cha kuvaa mkononi, kinachohesabu kwa uaminifu, kinachosomeka juani na kisichodai chaji kila usiku. Nimekuwa nikiwasaidia ndugu na majirani hapa Dodoma kuchagua kifaa cha namna hiyo kwa bajeti isiyozidi shilingi laki moja, na wengi wao ni watu wazima walioshauriwa na daktari waanze kutembea kwa sababu ya presha au sukari. Maoni yangu yanatokana na aina tatu ambazo tumezivaa na kuzilinganisha: saa ya plastiki inayotumia betri ya kidonge na isiyohitaji simu kabisa, bangili zisizo na jina la kampuni zinazouzwa chini ya shilingi elfu thelathini, na Xiaomi Smart Band 9 Active.

Kabla ya kuzitofautisha, ni vyema kuelewa zinavyofanya kazi, kwa sababu malalamiko mengi huanzia hapo. Ndani ya kifaa mna kihisi kidogo ambacho hupima jinsi mkono unavyoongeza na kupunguza kasi katika pande tatu, kisha programu yake hutafuta mdundo unaojirudia kama wa mtu anayetembea. Kifaa hakiijui miguu, kinaujua mkono. Kwa hiyo mama anayetoka bombani na ndoo kichwani, akiishika kwa mkono uleule wenye kifaa, au kijana anayesukuma mkokoteni pale Majengo, atapunjwa hatua nyingi, ilhali anayesonga ugali, anayefua au anayetwanga anaweza kuongezewa hatua ambazo hakuzipiga. Safari ya bodaboda kwenye njia ya vumbi yenye mashimo nayo huweza kuongeza. Ili kupunguza makosa hayo, vifaa vilivyotengenezwa kwa uangalifu husubiri hatua kadhaa mfululizo ndipo viamini kwamba mtu anatembea kweli, na ndiyo maana anayezunguka jikoni hatua mbili tatu kwa wakati mmoja huona namba haisogei.

Hapo ndipo bangili zisizo na jina zilipotuangusha. Baadhi yake zilihesabu karibu kila mtikisiko wa mkono, hata mvaaji akiwa ameketi akichambua mchele, na jioni zikaonyesha namba ya kufurahisha isiyo na maana yoyote. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mtu anayefuata ushauri wa daktari anaweza kuamini kwamba ametembea vya kutosha kumbe hajatoka uani. Ninachokitafuta katika kifaa si usahihi wa kila hatua bali kosa lisilobadilika. Kifaa kinachopunguza hatua tano katika kila mia, leo na kesho na wiki ijayo, kitamwonyesha mvaaji wazi kama ameongeza mwendo au amepunguza; kinachopunguza tano leo na kuongeza thelathini kesho hakimsaidii hata kidogo.

Kipimo cha dukani ni rahisi na hakuna muuzaji mwema atakayekikataa. Mnunuzi avae kifaa kwenye mkono anaoutumia kidogo, akikaze kiasi cha kutocheza, asome namba iliyopo, kisha atembee hatua 100 akizihesabu mwenyewe kwa mwendo wake wa kawaida. Akisimama asubiri kidogo, kwa kuwa namba nyingi huchelewa kupanda, ndipo alinganishe. Kisha aketi na auzungushe mkono kana kwamba anakoroga chungu. Tofauti ya hatua nne au tano katika kutembea inavumilika. Hatua ishirini zilizozaliwa kwenye kiti ni sababu ya kukirudisha kifaa mezani.

Ahadi zilizoandikwa kwenye boksi zisimshawishi mtu. Katika duka moja la mjini muuzaji alimweleza shangazi yangu, kwa heshima zote, "Mama, hii inapima kila kitu, presha na sukari pia," na bangili yenyewe ilikuwa ya elfu ishirini. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayeamini namba ya namna hiyo anaweza kukosea dozi ya dawa, na madhara yake ni makubwa. Presha ipimwe kwa mashine ya mkanda wa mkono wa juu na sukari kwa tone la damu, na kifaa cha hatua kiachiwe hatua zake.

Kwa mwenye simu janja, chaguo langu ni Smart Band 9 Active. Ni nyepesi kiasi cha kusahaulika mkononi, na mtengenezaji anataja siku hadi 18 kwa chaji moja, muda ambao hupungua kadiri mtu anavyowasha upimaji wa mapigo ya moyo na taarifa za simu. Imepewa kiwango cha 5 ATM cha kustahimili maji, kwa hiyo udhu, mvua na kuosha vyombo si tatizo. Kioo chake ni cha TFT, nacho haking'ai kama cha AMOLED kilichomo kwenye Smart Band 9 ya kawaida, ambayo bei yake iko juu zaidi. Kwa jua letu la saa saba mchana ni lazima kuongeza mwanga na kukikinga kioo kwa kiganja. Inahitaji kuunganishwa na simu mara ya kwanza, lakini baada ya hapo huhesabu yenyewe hata simu ikiachwa nyumbani. Wakati wa kuiandaa, mvaaji aingize kimo chake cha kweli, kwa sababu kilomita zinazoonyeshwa hukadiriwa kutokana na urefu wa hatua.

Kwa mzee wa Mpwapwa au Kongwa anayetumia simu ya vitufe, ningechukua saa ya betri ya kidonge bila kusita. Ina namba kubwa na haihitaji chaja, na betri yake ikiisha fundi saa hubadilisha kwa dakika chache. Kumbukumbu yake ni fupi, hivyo mwenye nia ya kufuatilia maendeleo aandike jumla ya kila siku kwenye daftari.

Lengo la hatua 10,000 lisimtishe mtu. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si na maabara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliopiga hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliopiga 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Ninawashauri wanaoanza wavae kifaa wiki nzima bila kubadilisha mwenendo, wapate wastani wao, kisha waongeze hatua elfu moja juu yake.

Wakati wa kununua, idaiwe risiti ya EFD na makubaliano ya kubadilishiwa yaandikwe nyuma yake. Mnunuzi aulize pia kama waya wa kuchajia unauzwa peke yake, kwa kuwa vishikizo vya sumaku hutofautiana kati ya toleo na toleo. Vumbi letu jekundu hujaa kwenye vidoa vya chuma vya kuchajia, na kitambaa kikavu kila kabla ya kuchaji kinatosha kuvisafisha.