Brekipedi za mbele za Corolla: sikio moja lililogoma, na muuzaji aliyeniambia nigonge nyundo

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nimenunua seti ya brekipedi za mbele za Corolla NZE kwenye duka moja la spea Kariakoo, nikazifunga mwenyewe nyumbani. Tatu ziliingia kwa kusukuma kidogo. Ya nne, ile ya ndani upande wa dereva, ikagoma kabisa.

Kila pedi ina masikio mawili, juu na chini, yanayokaa kwenye braketi, yaani fremu ya chuma inayozishika pedi, juu ya vibati vyembamba. Pedi inatakiwa iteleze humo kwa kusukumwa na vidole viwili tu. Hii haikuingia hata kwa kiganja. Nikaisogeza kwenye mwanga: kwenye ukingo wa sikio la chini rangi nyeusi ilikuwa imechuruzika ikaganda kama nta ya mshumaa, na chini ya rangi kuna makali ya chuma yaliyoachwa na mashine ya kukatia, hakuna aliyejisumbua kuyasaga. Nikaibana mgongo kwa mgongo na pedi ya zamani. Sikio jipya limezidi kama nusu milimita.

Msiidharau nusu milimita. Ukitoa mguu kwenye pedeli, pistoni inarudi nyuma kidogo sana, na pedi iliyo huru inaiachia diski. Iliyobanwa haiachii, inakwenda inailamba diski safari nzima. Diski inapata moto, pedi inaliwa upande mmoja, gari linakunywa mafuta, na ukishuka mteremko kama Kitonga mafuta ya breki yanaweza kuchemka, pedeli ikazama mpaka chini.

Nikarudi dukani na pedi mkononi. "Kaka, hii haiingii." Hakuishika wala hakuitazama, macho yote kwenye simu. "Bosi, gonga na nyundo itaingia tu. Mafundi wote wanagonga." Nikamwambia ikiingia kwa nyundo, itatokaje kwenye diski? Akanyoosha kidole kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi. Hela yangu nilishaisamehe. Kinachoniuma ni kwamba kuna mteja atamsikiliza na kugonga kweli, kisha apakie watoto.

Haki isemwe hata hivyo. Nilipong'oa vile vibati vya zamani vya braketi nilikuta kutu imejaa chini yake, unga mwekundu umekiinua kibati na kula nafasi ya sikio. Kwa hiyo sehemu ya kosa ilikuwa kwenye gari. Nilisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, nikaweka vibati vipya, ambavyo kwenye boksi havikuwemo, ilibidi kununua pembeni. Tatu zikawa zinateleza safi kabisa. Ya nne bado. Hapo ndipo nikashika tupa laini nikaondoa rangi na yale makali tu, pande za sikio, bila kula bati lenyewe na bila kugusa uso wa msuguano. Ikaingia kwa vidole viwili. Kazi ya kiwanda nimeifanya mimi.

Mengine hayana ugumu kwa anayejua spana. Nati za tairi, namba 21, zilegezwe gari likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi. Kwenye hii Corolla unafungua bolti ya chini ya kalipa (kile kifaa chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski), namba 14, unaiinua juu. Ukiitoa yote ifunge kwa waya kwenye springi, isininginie kwenye hosi ya mafuta ya breki, maana hosi inaumia kwa ndani na huoni. Pistoni irudishwe polepole kwa klampu na pedi ya zamani, jicho likiwa kwenye chupa ya mafuta ya breki: ikikaribia kufurika, nyonya kidogo kwa sirinji, yakimwagika yanakula rangi ya gari. Pini za kalipa zifutwe zipakwe grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake. Bolti za kalipa zikazwe kwa Nm 34 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nati za tairi Nm 103. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Ukisahau hilo, breki ya kwanza haipo.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapokorogeka: zinashika vizuri. Nilizizoesha kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 mpaka 10 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa na kwa kuachia nafasi diski ipoe. Hazipigi kelele, gari halivuti upande, na ukishuka baada ya safari joto la rimu zote mbili za mbele ni sawa. Nilikuwa nimeshika nyota nne. Kisha nikaikumbuka ile nyundo, nikazishusha mbili. Labda tatu kwa pedi zenyewe, kwa duka sitoi hata moja.

Ukienda kununua, beba pedi ya zamani. Fungua boksi juu ya kaunta, toa zote nne, linganisha masikio moja moja kabla hujatoa hela. Muuzaji akinuna, mwache anune.