Ndoa ya mseto Moshi: huduma ya parokia na usharika, uzuri wake na inapokwama

Mlima Kilimanjaro uligawanywa na wamisionari. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliingia Kilema mwaka 1890, na wamisionari Walutheri wa Leipzig wakafungua Machame mwaka 1893. Mpaka leo ukitaja kijiji cha mtu, wengi wanakisia dhehebu lake: Kibosho, Uru na Rombo Wakatoliki, Machame na Old Moshi Walutheri. Vijana wanakutana chuoni na kazini, wanapendana, halafu wazee wanaanza kuulizana nani atamfuata nani. Huduma inayojibu swali hilo ni maandalizi ya ndoa ya mseto, yaani ya Mkatoliki na asiye Mkatoliki, na kwa maoni yetu ni nzuri kuliko inavyosemwa vijiweni, ila ina mashimo ambayo wachumba wanapaswa kuyajua kabla hawajachapisha kadi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haimlazimishi mtu kuhama kanisa lake. Ubatizo wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) unatambuliwa na Wakatoliki, kwa hiyo kinachoombwa ni kibali cha askofu tu (kanuni 1124 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983). Kama mmoja hajabatizwa kabisa, hilo ni jambo jingine, linahitaji dispensa (ruhusa maalumu ya kuondolewa sharti la Kanisa), na linachukua muda zaidi.

Sehemu inayoleta ugomvi ni ahadi ya watoto. Kanuni 1125 inamtaka Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mlutheri haahidi chochote wala haweki sahihi kwenye ahadi hiyo. Anatakiwa tu aelezwe ili ajue mwenzake amejifunga kwa nini. Haikuwa hivi zamani. Kabla ya mwaka 1970, wote wawili walidaiwa ahadi, na huko Ireland, mwaka 1957 katika kijiji cha Fethard-on-Sea, mama Mprotestanti alikataa kuwapeleka watoto shule ya Kikatoliki, akaondoka nao, na Wakatoliki wakasusia maduka ya Waprotestanti. Papa Paulo VI ndiye aliyemwondolea asiye Mkatoliki mzigo huo. Sasa kosa linalofanyika huku kwetu ni kuiacha ahadi hii hadi wiki za mwisho, ikasomwa ofisini haraka haraka pamoja na fomu nyingine. Baba mkwe wa Machame anakuja kuisikia siku ya ubatizo wa mjukuu, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwombeni paroko aieleze kwenye kikao cha kwanza, na mshenga aifikishe kwa wazazi wa pande zote kabla ya mahari.

Makaratasi yanahitaji subira. Mkatoliki alete cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia aliyobatizwa, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, kwa sababu pembeni mwa kitabu cha ubatizo ndipo kipaimara na ndoa huandikwa. Cheti cha zamani kilichokaa kabatini hakithibitishi kwamba hujaoa. Upande wa Mlutheri, cheti pekee mara nyingi hakitoshi, hivyo apate barua ya mchungaji na mashahidi wanaomjua tangu utotoni. Mchumba mmoja akiwa wa Jimbo Kuu la Arusha na mwingine wa Jimbo la Moshi, barua zinapita ofisi 2, basi anzeni miezi 6 kabla.

Angalieni na hesabu ya siku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Matangazo ya ndoa kanisani ya Jumapili 3 yakifuatiwa na harusi Jumamosi ya wiki hiyohiyo ya tangazo la mwisho, kutoka tangazo la kwanza mnapata siku 20. Fomu ya kusudio itangulie matangazo.

Siku yenyewe, utaratibu wa kawaida ni ibada ya ndoa bila Misa, na tunaona ni busara. Kwenye Misa nusu ya ukumbi ingebaki imekaa wakati wa komunyo, na bibi harusi au bwana harusi mwenyewe akiwa miongoni mwao. Mchungaji anaweza kualikwa asome somo, atoe nasaha fupi na kuwaombea baraka. Kisichowezekana ni padre na mchungaji kugawana viapo, wala kurudia viapo usharikani (kanisani kwa Walutheri) kesho yake. Kamati za harusi hupanga hivyo kwa nia njema ili kuridhisha koo zote, kisha ratiba inavunjwa wiki ya mwisho.

Wanaotaka kufunga ndoa usharikani nao wana njia: askofu wa upande wa Mkatoliki aombwe dispensa ya utaratibu wa ibada, mapema na kwa sababu nzito. Wakiiruka hatua hiyo, kwa Kanisa Katoliki ndoa hiyo si halali, na Mkatoliki atajikuta hakomuniki mpaka irekebishwe. Mlutheri anayefungia parokiani naye amwone mchungaji wake kwanza, ajue usharika wake unadai nini.

Udhaifu ambao hatuwezi kuufumbia macho ni kwamba mafundisho yanaishia siku ya harusi. Jumapili mnakwenda wapi? Jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki ikija kusali nyumbani, Mlutheri anakaa nao au anabaki jikoni? Na mazishi: huku watu wanazikwa kihambani (shamba la ukoo nyumbani), na tumesikia maiti ikisubiri ndani huku ukoo ukibishana nani aongoze ibada. Parokia na sharika ziketi pamoja ziongeze kikao kimoja cha mambo haya, padre na mchungaji wakiwa chumba kimoja. Mpaka hapo, wachumba yaandikeni wenyewe, mtie sahihi, na nakala moja muiache kwa mshenga.