Uzoefu wangu: kubadilisha waya za stima nyumba ya zamani Kibokoni

Nyumba ya mamangu iko Kibokoni, kuta za mawe na chokaa, na waya zilizokuwemo ni zile za zamani za mpira, ukizikunja zavunjika kama biskuti. Miaka tumekaa nazo tu. Kilichotuamsha ni shawa ya stima, mtu akishika mfereji akiwa amelowa ahisi mtekenyo wa mkono mzima, na mamangu kila siku asema aah ni baridi tu hiyo. Baridi gani Mombasa?

Fundi wa kwanza tulipewa na jirani. Akaja, akatazama kama dakika 5, akasema siku 2 tu kazi imekwisha. Mie nkamuuliza leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, unayo, akacheka, akanambia kadi haifungi waya dada. Mamangu alimpenda kwa vile ni mpole na bei yake ni nusu, ikabidi nimtoe kwa adabu. Na ile shawa, baadaye ndio tukajua, ilikuwa imeungwa kwenye waya wa soketi wa 2.5 (unene wa waya kwa milimita mraba), mwembamba kwa shawa! Shawa ya kilowati 5.5 kwa volti 240 yavuta karibu ampea 23, na waya huo huo ndio wa friji na pasi, tena umepita juu ya dari ya boriti. Wallahi sijui tumelala vipi humo.

Wa pili nilimtafuta mwenyewe, yule ninayemsifu hapa. Kabla hata sijauliza akatoa kadi, ina jina, daraja na tarehe ya kuisha, akanambia angalia jina langu kwenye orodha ya EPRA mtandaoni usiniamini mimi. Nkaangalia, yumo. Hapo ndio nkajua kumbe leseni zina madaraja, wa nyumba ndogo ya fezi moja si lazima awe anaruhusiwa jengo la fezi tatu, kwa hivyo kuuliza "una leseni" peke yake haitoshi, uliza na daraja lenyewe. Na sheria ya nishati ya 2019 haiachi mtu yeyote tu aje na plaizi afunge waya nyumba ya watu.

Siku ya kwanza hakufunga kitu. Alizima swichi kubwa, akatoa balbu zote, akachomoa kila kitu, akapima zile waya kwa mega, kile kifaa cha kuona kama ganda la waya bado lazuia stima isivuje. Mamangu akamuuliza, mwanangu mbona huanzi kazi? Akamwonyesha kioo cha kifaa, inatakiwa angalau megaomu 1, yetu ilikuwa haifiki hata robo. Bi mkubwa kanyamaza.

Kazi ilichukua siku 6. Taa waya 1.5, soketi 2.5, shawa yake peke yake 6 na breka yake. Athi, ile waya na chuma cha kuzika ardhini cha kushusha stima inayovuja, ndio ilimtesa, huku uani ukichimba kidogo wakuta mwamba wa matumbawe, chuma kikagoma kushuka, akapima akaona hairidhishi akaongeza cha pili pembeni. Mwengine angekikata akafukia, nani angejua? Halafu RCD ya miliampea 30, swichi inayokata stima ikivuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, ukibonyeza stima yakatika. Mamangu akaigeuza mchezo, kila ajaye kutembea aonyeshwa, mpaka nkamwambia mama friji itaharibika. Mita hakuigusa wala sili yake, alisema hiyo ni ya Kenya Power, yeye kazi yake yaanzia baada ya hapo.

Sasa malalamiko. Vumbi, ya Rabbi, na kitambaa cha kufunika viti sikuona. Saa 2 yake ni saa 4. Na kubwa zaidi, mifereji aliyochonga ukutani aliiziba kwa simiti, na kuta hizi za chokaa hazipatani na simiti, unyevu wakosa pa kutokea, kabla mwezi kuisha rangi ikaanza kufura. Nimelipa mwashi mwengine aibandue na kutia chokaa. Cheti cha kumaliza kazi nacho nilikifuata kwa simu wiki 2, na nyie msifanye kosa langu, mie nlishamlipa zote. Bakisheni kitu mpaka karatasi iko mkononi, imesainiwa na ina namba ya leseni, kwa sababu ukiomba stima mpya Kenya Power huwa hawakuwekei mita bila cheti.

Bei ilikuwa mara mbili ya yule wa kwanza, waya nkanunua mwenyewe. Nampa 4 kwa 5. Mtekenyo hakuna tena bafuni. Ikifika zamu ya nyumba ya khala Likoni ntamwita yeye yeye, ila mwashi wa chokaa nshamweka tayari.